Mkono wa Kumwozesha Mwajuma

Jumatatu, 2 Septemba
Kanzu ya bwana harusi imeisha. Kola nimeidarizi mwenyewe, na mkono huu uliopinda. Hapa Gitega hakuna fundi mwingine anaweza. Muyinga pia hakuna. Lakini mkasi umenitesa. Vidole viwili vya mwisho, mkono wa kulia, vimelala kwenye kiganja, havitaki kuinuka. Mwajuma ameusugua na mafuta. Mtoto wangu wa mwisho. Tarehe 21 namwozesha, huko Muyinga kwa kina mume. Nitamshika mkwe mkono, nitasema maneno. Kwa mkono gani sasa?

Jumatano, 4 Septemba
Hospitali. Dokta mwanamke, mpole. Anasema chini ya ngozi iko kamba, imekaza. Nikamwambia najua, uzi ukivutwa sana nguo inakunjamana. Akacheka. Ng'ambo iko dawa ya kudunga, inalainisha kamba hiyo mpaka inakatika. Hapa hakuna. Hapa iko njia mbili. Sindano: ncha inakata kamba kupitia kwenye ngozi, unarudi nyumbani siku ile ile, unapona upesi. Ila kidole kinaweza kupinda tena mapema. Kisu: anafungua kiganja, anaondoa kamba. Inadumu zaidi, lakini kidonda ni cha wiki nyingi, na mshipa wa fahamu unaweza kuguswa. Nilitaka kisu. Mi siogopi. Mwajuma akasema, "Baba, na harusi?" Basi, sindano. Jumatatu.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimefanya ujinga. Mshono ukikunjamana naunyoosha na pasi ya makaa. Nikasema, mkono una tofauti gani? Nikaulowesha, nikaweka kitambaa, nikakandamiza pasi. Kidole hakikunyooka. Kiganja kimeungua. Sikulia. Nilipiga kelele kidogo tu. Aliyelia ni Mwajuma.

Jumatatu, 9 Septemba
Dokta amekataa. Ngozi iliyoungua haichomwi sindano mpaka ipone. Nimebishana naye mpaka wagonjwa wengine wakasimama kutazama. Yeye anafunga bandeji tu. Nimeona haya.

Jumapili, 15 Septemba
Saidi, mdogo wangu, kaja kutoka Muyinga. "Kaka, nipe mi uwakili nimwozeshe. We utamshika mkwe na nini, na hiyo kwato?" Nimemfukuza. Hajafika barabarani nikamwita arudi anywe chai. Asemayo ni kweli. Watu wote watauona. Fundi mkubwa wa kanzu, mkono kama mguu wa kuku.
Saidi alipoondoka Mwajuma akaniambia, "Mkono huo ndio umenilisha. Niozeshe na huo huo." Nilijifanya natafuta uzi.

Jumamosi, 21 Septemba. Muyinga
Nimemwozesha. Mi mwenyewe.
Shehe akasema tushikane mikono. Mkwe akaingiza kiganja chake polepole chini ya vidole vyangu, kama mtu anayemvisha mtoto shati. Nikasema maneno yote, sikukosea hata moja. Naye akajibu, amekubali. Akataka kutoa mkono. Vidole vimemnasa. Akavuta. Wapi! Saidi akapaza sauti, "Mzee hajataka kumtoa!" Msikiti mzima ukacheka. Na mi nikacheka. Halafu nikalia, mbele ya wanaume wote wa Muyinga. Kweli sikutaka kumtoa.
Mkwe hakuvuta tena. Alikaa vile vile, mkono ndani ya mkono, akaningoja mpaka nikamaliza.
Mtu mzuri. Kanzu ilimkaa sawasawa, watu wameuliza fundi nani.

Jumanne, 24 Septemba. Gitega
Nyumba kimya. Kiganja kimepona. Dokta amekitazama, akauliza, sindano au kisu? Nimesema kisu. Sina haraka tena.
Mwajuma kapiga simu. Anataka kuja kunipikia wiki zote za bandeji. Nimemwambia abaki na mume wake, mi najiweza, nilijiweza kabla hajazaliwa. Amesema anakuja, na mume ndiye atamleta.
Nimefagia chumba chake.