Kapya Nyuma, Kabange Mbele

Jumatatu, 2 Septemba

Magunia ya samaki wa Bukama, kutoka stesheni hadi sokoni. Mwalimu mmoja. Mama mmoja na mtoto mgonjwa, huyo sikumtoza. Cheni imelegea tena. Nimeipeleka pikipiki kwa Papa Kasongo, fundi wetu, nikamkuta amezungukwa na madereva kama muuza dawa za tumbo.

Kumbe ni mashindano. Jumamosi ya tarehe 21 na Jumapili yake, kwenye ranchi ya zamani ya ng'ombe, nusu siku ya barabara kutoka hapa Kamina. Si ya mabingwa. Ni ya sisi tunaobeba watu, na ndiyo maana kila dereva atakimbia na abiria nyuma yake, yule yule siku zote mbili. Abiria akigusa chini kwa mguu, mmetoka. Wanaume wakacheka, kila mmoja akitafuta kichwani ndugu aliye mwembamba. Mimi nimejiandikisha kabla sijafikiri. Mwanamke peke yangu. Papa Kasongo ameandika "Kabange" bila hata kuinua uso, nimempenda kwa hilo.

Nataka kwenda. Sijataka kitu namna hii tangu utoto.

Jumatano, 4 Septemba

Mama amesema nikienda, Kapya aende. Kapya asipoenda, nibaki.

Ndiyo maisha yetu. Sisi ni mapacha. Kapya alitangulia, mimi nikafuata, na kila Mluba akisikia majina yetu anajua hivyo bila kuuliza. Kikinunuliwa kitenge changu, kinanunuliwa na chake. Mlangoni anapita yeye kwanza, mimi nasimama nangoja, kisha napita. Hata kanisani. Hata leo, na sisi ni watu wazima. Baba hatii neno. Anasema mapacha ni wizara ya mama.

Na Kapya anaogopa pikipiki. Ni muuguzi, anashona mapaja ya watu walioanguka nazo. Kazini anakwenda kwa miguu, ananipita barabarani nimekaa juu ya pikipiki nasubiri wateja.

Jumamosi, 7 Septemba

Kapya amekubali. Furaha yangu haikudumu hata ndoo moja ya maji.

Tulikuwa tunafua. Amepata kazi Mulongo, kwenye kituo cha afya, huko kwenye mito na mabwawa. Ameificha wiki nzima. Mama hatamwachia, maana Mama anaamini pacha akiondoka bila mwenzake kumfungua kwa kinywa chake mwenyewe, mmoja ataugua. Basi Kapya amekuja na biashara yake. Alisema bila kuacha kusugua:

"Minyi nitakaa kwa nyuma yako siku zote mbili. Kisha weye utaambia mama aniache niende."

Nikasema ndiyo, yaya. Namwita yaya kwa sababu ndiye dada mkubwa, ingawa ukubwa wenyewe ni wa muda wa kuchemsha chai. Nimesema ndiyo haraka mno. Nguo zimekauka, ninazo mapajani, na sijui nimeuza nini.

Jumanne, 10 Septemba

Njia ya mashindano hakuna anayeijua. Papa Kasongo aliiona mara moja tu, ameichora kwa oili chafu juu ya katoni: yai lenye kiuno. Mwanamke anayeleta makaa anasema ni mchanga mweupe, matairi yanazama. Dereva wa lori anasema hakuna mchanga, kuna vichuguu virefu kuliko nyumba na njia inajipenyeza katikati yao. Muuza asali anasema kuna bonde, na ndani ya bonde ukungu unalala mpaka jua likolee. Nimewaamini wote.

Nimeiota. Nilikuwa naendesha kati ya vichuguu na pikipiki haikutoa sauti. Moshi wa nyasi ulipita chini ya magurudumu kama maziwa. Nikajua Kapya yuko nyuma yangu, lakini sikusikia uzito wake. Nimeamka nikiwa na amani. Baadaye amani ile imenitisha.

Ijumaa, 13 Septemba

Mazoezi kwenye kiwanja cha mpira. Aibu. Nikilaza pikipiki kulia, Kapya anavuta kushoto. Anasema mwili wake unakataa kuanguka. Namwambia si kuanguka, ni kupinda kona. Anasema kazini kwake hizo mbili zinalala kitanda kimoja.

Tumeanguka kweli, polepole, kama watu wanaojilaza. Watoto wa shule wamepiga makofi. Tukabaki chini tukiangalia mbingu. Nyasi zinachomwa kila upande siku hizi, jua lina rangi ya chungwa na unaweza kulitazama kwa macho. Kapya akanishika mkono. Nilitaka jioni isiishe. Halafu nikakumbuka Mulongo, nikauondoa mkono wangu.

Jumapili, 15 Septemba

Leo namchukia. Naandika hivyo hivyo.

Kanisani ameimba vizuri kuliko siku zote, sauti ya mtu aliyekwisha kuondoka. Nyumbani Mama anapanga safari yetu kama harusi: unga, dagaa wetu wa ndakala, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa, chumvi, blanketi. Katikati ya kupanga ameshtuka akauliza nani atakuwa mbele. Nikasema mimi, ndimi ninayeendesha. Mdogo mbele, mkubwa nyuma. Akamtazama Baba. Baba akakumbuka kwamba kuku hawajala. Mwishowe Mama ameamua mwenyewe: Kapya awe wa kwanza kupanda, ndipo mimi. Haya.

Nimewaza kuvunja ahadi. Ni rahisi. Nishindane, nirudi, ninyamaze. Mama hatajua, Kapya hawezi kunifungua mdomo kwa nguvu. Atabaki. Ataninunia mpaka mvua zije, kisha atasahau. Nimewaza hivyo wakati wa sala ya chakula.

Alhamisi, 19 Septemba

Petroli kwenye chupa, tayari. Cheni mpya. Kofia ngumu mbili, moja ya kuazima, inanuka jasho la mtu nisiyemjua. Blanketi. Sabuni.

Mazoezi ya mwisho. Kapya amesema atafumba macho ajifanye amelala, kwa sababu mtu aliyelala hakatai. Akaegemeza shavu mgongoni pangu. Nikaingia kona ya magoli, na sikusikia mtu wa pili. Kona nyingine, hivyo hivyo. Pikipiki ilipinda yenyewe. Tumezunguka mpaka giza, hakuna aliyetaka kusema basi. Nadhani hivi ndivyo tulivyokuwa kabla ya kuzaliwa, tumejikunja, mmoja anageuka na mwingine anageuka.

Nilipozima injini alikuwa amelala kweli.

Ijumaa, 20 Septemba

Tumefika. Barabara nzima ardhi ni nyeusi kwa moto, na juu yake miti imetoa majani machanga mekundu, kama vile moto umepanda ukatulia huko. Tumefikia kwa mama mmoja mjane aliyetupa chumba cha mahindi yake. Alituita mapasa, yaani mapacha, kabla hatujasema majina, akatuwekea maji ya kuoga ndoo mbili.

Jioni tumetembea njia yote kwa miguu. Wote walisema kweli. Kuna mchanga mweupe. Kuna vichuguu, vikubwa, vimekaa kimya. Kuna bonde, na ukungu ulikuwa umeanza kuingia. Lakini ni njia nyingine kabisa, si ile niliyoiota. Ile haikuwa na harufu. Hii inanuka majivu na mnanaa wa porini. Kapya aliokota majani akanusa akasema anataka kukumbuka hapa. Nikamwuliza kwa nini anasema kama mzee. Akayatia mfukoni.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumeshinda mchujo wetu! Mstari wa mwisho ulikuwa majivu yaliyomwagwa chini, nimeupita bila kuuona. Kwenye mchanga wengine walizama, abiria wakashusha miguu, wakatolewa. Kapya alifumba macho njia nzima. Ananiuliza tulipita wapi, namsimulia, anasikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi.

Wanaume wameacha kucheka. Mmoja ameniuliza abiria wangu ana kilo ngapi. Nimemwambia sijui, leo hakuwa na kilo.

Kesho ni mbio moja, waliobaki wote. Nimefurahi mno. Na bado nawaza kunyamaza.

Jumapili, 22 Septemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi wenyeji walitupambia mahali pa kumalizia. Wamesimamisha nguzo mbili, wamefunga makuti ya mchikichi juu, kama wanavyofanya kupokea wageni. Palipendeza. Sikufikiri zaidi.

Tulitangulia tangu vichuguuni. Bondeni ukungu ulikuwa bado, tukaingia ndani yake, na kwa muda hapakuwa na ardhi wala watu, ni pumzi ya Kapya shingoni tu. Tukatoka upande wa pili peke yetu. Nyuma nikasikia injini moja, mbali. Nikaona makuti, nguzo mbili, watu wakipunga vitambaa. Nikaona mlango.

Nikashika breki.

Mkono ulishika, si mimi. Tangu nijue kutembea, nikifika mlangoni nasimama, yaya anapita. Tukasimama mbele ya makuti, na mimi nangoja. Nangoja nini! Yule wa nyuma akatupita akavunja utepe. Ndipo nikaachia breki, tukaingia wa pili.

Wote wanasema injini ilinizimikia. Papa Kasongo, aliyekuja kutazama mbio, akainama kuangalia, akasikiliza mlio wake, akanitazama, akapangusa mikono. Kapya ndiye aliyejua. Alishuka, akavua kofia, akafungua macho. Nilidhani atacheka. Alikuwa analia.

"Ulisimama sababu yangu," akasema. "Kabange, usisimame tena sababu yangu."

Nimeona haya kuliko hasira. Jioni mjane ametuletea bukari, ugali wa mahindi yake, na kuku. Tumekula. Hatukuongea juu ya Mama.

Jumatatu, 23 Septemba

Tumerudi. Nimeoga, nimelala, nimeamka. Mama alikuwa anachambua maharage. Kapya alikuwa chumbani, mlango wazi, najua alikuwa anasikiliza.

Nikasema, "Mama, acha yaya aende Mulongo. Minyi nabakia."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama nimelazimishwa, kama tumegombana huko porini, kama tumbo langu linauma. Nikasema linauma. Linauma sana, lakini ninamfungua. Mama akaendelea na maharage yake, akitupa mabovu na mazima pamoja. Kwa muda mrefu. Kisha akamwita Kapya, akamwuliza huko Mulongo atalala kwa nani.

Baba ametoka kwenda kwa kuku. Amekaa huko mpaka jua limezama, na kuku wote walishaingia.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimempeleka yaya kwenye lori asubuhi. Sanduku mbele yangu, yeye nyuma, macho wazi. Kwenye kona ya soko amepinda nami vizuri kabisa.

Mama amekuja kwa miguu, amekataa kupandishwa. Mfukoni alikuwa na pemba, ule udongo mweupe wa kumbariki msafiri, ambao mchungaji anajua anao na anajifanya hajui. Akampaka Kapya mikononi na kifuani. Mvua ya kwanza ilikuwa inatishia, upepo unarusha karatasi. Nilikuwa nimesimama kando na pikipiki. Mama akanigeukia, akanishika mkono, akanipaka na mimi.

Nikamwambia si mimi ninayesafiri.

"Mwenye kubakia naye iko na safari yake," akasema.

Lori likaondoka. Kapya alipunga mkono mpaka vumbi likamficha. Sikulia hapo. Mama akarudi kwa miguu, kama alivyokuja.

Nikawasha pikipiki. Karibu na stesheni mwanamke mmoja akanisimamisha, ana kapu la nyanya, anakwenda sokoni. Akapanda. Njiani akaona weupe mikononi mwangu, akauliza kama ninasafiri. Nikasema ndiyo. Akauliza mpaka wapi.

Nikamwambia, hapa hapa Kamina.