Kituo cha Maktaba Nimekibakiza

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi leo. Picha za mzunguko za vituo vyote vya treni ya mjini, pamoja na majengo makubwa ya jirani — mnara wa saa, uwanja wa mpira, soko kuu, maktaba. Zitawekwa kwenye tovuti ya kampuni ya treni. Mtu akae kwake, ateleze kidole kwenye simu, aone kituo kizima kana kwamba amesimama katikati yake.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kamera juu ya stendi, napiga, nageuza kidogo, napiga tena, mpaka nirudi nilikoanzia. Nyumbani naziunganisha kwenye kompyuta. Shida ni watu! Anayetembea huku kamera inageuka hutokea mara mbili, au hutokea nusu. Leo nimempata bwana mmoja, mguu mmoja uko penye tiketi, mwingine unapanda ngazi. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Afisa habari wa kampuni, aliyenipa kazi, hataki kusikia habari ya mawingu. "Mwangaza, kaka, mwangaza! Watu wafurahi!" Basi nimemwita Bwana Mwangaza. Moyoni tu.

Mke wangu hakuuliza nimeanzia kituo gani. Ameuliza kama nimekula.

Alhamisi, 6 Machi

Soko na mnara wa saa, tayari. Mnara umenisumbua, kichwa chake hakiingii kwenye picha mpaka ulaze kamera karibu chali.

Madereva wananijua. Mmoja alitoa kichwa dirishani. "Shemeji! Dada yetu anarudi lini?" Nikasema bado anapumzika. "Mwambie tumemkumbuka." Honi, akaondoka.

Anapumzika. Neno zuri la kufunikia mambo. Alikuwa akiendesha treni hizi hizi, na akiipenda kazi yake hata kumzidi mumewe — nilikuwa namtania hivyo. Kisha Oktoba iliyopita, kwenye Kituo cha Maktaba, mzee mmoja akashuka relini treni ikiingia. Mke wangu alipiga honi. Alivuta breki mpaka bega likavimba. Lakini treni si baiskeli. Mzee akafa. Wachunguzi wakasema dereva hana kosa. Yeye hakusema neno, si siku ile, si baadaye. Na tangu hapo hajapanda treni, hata kama abiria. Akiwa na safari ya mjini anakwenda kwa miguu, iwe jua, iwe mvua.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amekuja. Nilikuwa sebuleni na kompyuta, wao jikoni, na ukuta wetu ni wa kusikilizana.

Mama anataka binti yake atafute kazi nyingine. Akae ofisini, auze vitambaa, chochote. Akamaliza na methali, kama kawaida yake: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, si aibu mwanangu.

Vyombo vikagongana kidogo. Kisha sauti ya mke wangu, polepole: "Mama, mimi siogopi treni."

Bomba likafungwa.

Sasa anaogopa nini? Nilikuwa na nafasi ya kumwuliza tulipokuwa tunamsindikiza mama, na tuliporudi wawili, na mezani. Nikamwuliza kama chumvi imetosha.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Mwangaza kapiga simu. "Maktaba je? Ndicho kituo kizuri kuliko vyote na ndicho sikioni!"

Ni kweli ni kizuri. Ngazi pana, nguzo nyeupe, jengo la maktaba limekaa nyuma yake kama bibi harusi. Nimemaliza vingine vyote. Hicho nimekibakiza.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo kitandani, amesikia yote.

"Umekibakiza kwa ajili yangu."

Halikuwa swali. Nikasema nitakwenda kesho peke yangu, nipige, nirudi, yaishe. Akalikunja shati langu, akalikunjua, akalikunja tena.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda. Laiti nisingekwenda.

Wingu zito, lakini niliamua liwalo na liwe. Kwenye benchi alikaa mwanamke kijana mwenye aproni ya duka la mikate, unga kwenye viwiko. "Kaka, nihame?" Nikamwambia hapana dada, kaa, ila usitikisike. Akakaa kama aliyepigiliwa misumari. Wengine wote waliranda mbele ya kamera kama kuku, yeye hakupepesa jicho.

Nilipomaliza akauliza ni picha za nini. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo na pale patakuwemo." Akaonyesha kwa kidevu, mwisho wa jukwaa. "Baba yangu alifia pale."

Akaendelea mwenyewe, kama mtu aliyezoea kusimulia. Anafanya kazi ng'ambo ya barabara, akipata nafasi huja kukaa hapa. Mzee sikio moja lilikuwa halisikii. Na dereva alikuwa anaongea na simu, kila mtu anajua. Mwanamke. Wakubwa wake wakamsafisha.

"Simu ningeisamehe," akasema. "Binadamu ni binadamu. Lakini hakushuka, kaka. Alikaa juu mle, amejifungia. Baba akafa peke yake kwenye mawe, kama asiye na mtu."

Nilijua simu haikuwepo, wachunguzi waliisaka na kuikuta imezimwa ndani ya mkoba wake. Hilo tu ningeweza kulisema! Lakini la pili sikulijua. Alishuka? Hakushuka? Mke wangu, ninayelala naye kitanda kimoja, na silijui hilo.

Nikafungasha kamera. Nikasema Mungu amrehemu mzee. Nikaondoka mbio kama mwizi.

Picha nimeiunganisha. Watu vipande vipande. Binti yule peke yake mzima.

Alhamisi, 13 Machi

Bwana Mwangaza ameikataa picha. Giza mno, anasema, kituo kinaonekana kina msiba. Nirudie jua likiwaka.

Kina msiba, ndiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia. Nilishindwa kumeza chakula, akauliza nina nini, nikatapika yote — binti, aproni, habari ya simu. Nilingoja akasirike. Hakushtushwa na simu hata kidogo.

"Alisema sikushuka?"

"Ndiyo."

"Alisema baba yake alikuwa peke yake?"

"Ndiyo."

Akaweka kijiko chini taratibu, kama kitu kinachovunjika.

"Jumatatu nakwenda nawe."

Nikasema si lazima, mke wangu, nitakwenda asubuhi mapema, hatutamkuta. Akaniangalia. Muda mrefu hajaniangalia hivyo, usoni kabisa.

"Nataka tumkute."

Jumatatu, 17 Machi

Naandika hapa hapa kituoni, kwenye benchi. Daftari liko juu ya goti. Niandike yote kabla hayajanipotea.

Tulikuja kwa miguu. Yeye alibeba stendi begani, mimi kamera. Jua lilikuwa la kumfurahisha Bwana Mwangaza. Kwenye ngazi alisimama mara moja, nikadhani tunarudi. Alikuwa anavuta pumzi tu. Akapanda.

Mlinzi wa kituo alimtambua, akavua kofia. Mungu ambariki.

Nikafunga kamera kwenye stendi, nikaanza kupiga. Bado niko upande wa reli, nikasikia nyuma yangu: "Kaka wa picha! Umerudi?" Binti, na aproni yake. Akamsalimu mke wangu kwa adabu: "Shikamoo dada." Mke wangu akaitikia marahaba. Akamwomba wakae. Wakakaa. Mimi nikabaki nimeshika kamera kama mti.

"Mdogo wangu," mke wangu akasema, "mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

Binti hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alijivuta mwisho wa benchi, akakumbatia mkoba wake. Watu wakipita. Treni ikaja, ikaondoka.

"Umekuja kuomba nini?" akauliza hatimaye.

"Siombi. Nimekuja kukwambia kwamba nilishuka."

Akaanza kusimulia, macho yako relini. Alivyofungua mlango wa dereva na kuruka. Alivyompata mzee yuko hai, macho wazi. Akapiga magoti kwenye mawe, akamshika mkono. Watu walisukumwa nyuma, ndiyo maana hakuna aliyemwona, treni ilikuwa imewakinga. Mzee hakulia. Alikuwa na wasiwasi wa kitu kimoja tu.

"Alikuwa anauliza kiatu chake. Kimoja kilimtoka. Aliniambia, 'Mwanangu, nitafutie kiatu, nitakwendaje nyumbani hivi?' Nikakitafuta. Kilikuwa chini ya behewa. Nikamvisha, nikamfunga. Akasema ahsante. Akatulia. Nilimshika mpaka waokoaji walipokuja kunibandua."

Sijawahi kuyasikia haya. Tangu Oktoba ameyabeba peke yake, ndani ya nyumba yangu!

Binti alikuwa ameinama. Nikadhani analia. Alikuwa anaangalia miguu ya mke wangu.

"Ulimfungaje?"

"Nini?"

"Kamba. Ulifungaje kamba?"

Mke wangu akanyoosha mguu wake. Kamba ya kiatu imezungushwa nyuma ya kifundo, fundo limekaa kwa nyuma. "Madereva tunafunga hivi. Isinase kwenye pedali."

Hapo ndipo binti akavunjika. Maneno yalitoka kwa vipande. Mgongo wa baba yake ulikuwa hauinami, kila asubuhi yeye ndiye aliyemfunga viatu. Hospitali walipowapa viatu vile, kimoja kilikuwa na fundo lake, kingine na fundo la kigeni, nyuma, kama hilo. Waliulizana nyumba nzima. Mama yake mpaka leo hajalifungua. Amekiweka chini ya kitanda, anasema kuna mtu alimgusa mzee kwa upole na yeye hamjui ni nani.

Walikaa hivyo. Sijui ni nani alimshika mkono mwenzake kwanza. Nilikuwa nimegeuka, najifanya nasafisha lenzi.

Kisha binti akafuta uso kwa aproni, akasimama. "Twende ukamwambie mama."

"Leo?"

"Leo. Ni vituo viwili tu kutoka hapa. Mama hatatoka, miguu haimruhusu. Na mimi nikimwambia peke yangu hataniamini." Akasita. "Kaka yangu yupo nyumbani. Yeye ana hasira. Sikufichi."

Nikasema tutakwenda wote, nikaanza kukunja stendi. Mke wangu akanizuia kwa kiganja. "Wewe maliza kazi yako. Hii ni yangu."

Treni ikaingia. Milango ikafunguka. Binti akapanda, akageuka, akazuia mlango kwa bega. Mke wangu alisimama ukingoni mwa jukwaa, vidole vimekamata mkanda wa mkoba. Abiria mmoja akalalamika: mama, unapanda au hupandi?

Akapanda.

Nimeiona treni ikipinda nyuma ya maktaba. Mzunguko wangu sijaumaliza, nina upande wa reli tu. Jua linahama, vivuli vimegeuka, itabidi nianze upya. Sithubutu kusimama.

Simu imetetema. Ni yeye. "Tumefika. Kaka yake ndiye aliyekuja mlangoni. Binti ameingia kumwambia mama. Mimi niko nje."

Nimemwandikia: "Nije?"

Hajajibu. Treni ya kwenda upande ule imesimama mbele yangu, milango wazi. Nimenyanyuka, nimekaa.

Anaandika. Ameacha. Anaandika tena.

"Subiri. Kuna mtu anakuja, namsikia anaburuta miguu."