Si Dawa, Ni Majani Tu

Kaloleni, Kisumu
Septemba 1996

Mpendwa ndugu yangu Zadock,

Pokea salamu zetu sote, na tunatumaini baridi ya huko Amerika haijaanza kukutesa. Beldina mke wangu anakusalimu sana, na watoto wanauliza kama kweli barafu huanguka kutoka juu. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama. Nimeshika kalamu kwa ajili yake. Nataka uache kumtumia vile vidonge, na umkataze wewe mwenyewe, kwa maana mimi nimemkataza na hanisikii. Moyo wake uko hatarini.

Usikasirike kabla hujanisikiliza. Najua ulimtumia kwa mapenzi. Alikulalamikia kwamba anachoka kubeba dagaa wake wa omena hadi soko la Katito, nawe ukamtafutia kitu cha kumpa nguvu. Na nguvu alipata, omera, ndugu yangu! Chupa ya kwanza ilimfanya alime shamba lake na kipande cha jirani, huku akiimba nyimbo za kanisani. Tulicheka sana. Tulisema Amerika imemrudishia usichana.

Kisha akaanza kukonda. Usingizi ulimhama, mikono ikawa inatetemeka hata akimimina chai, na akasema kuna kitu kinakimbia kifuani. Sokoni watu wakanong'ona kwamba ni ule ugonjwa wa siku hizi, UKIMWI. Baba mdogo Ogola hakunong'ona. Aliwaita wazee akasema hiyo ni chira, ule ugonjwa wa kukondesha unaoingia bomani mila ikivunjwa, na mila iliyovunjwa kila mtu anaiona: wewe mdogo umejenga nyumba pale nyumbani, na mimi mkubwa bado napanga nyumba ya manispaa hapa mjini. Zadock, niliambiwa mbele ya watu kwamba uzembe wangu unamuua mama yangu. Nami nilikuwa nimeanza kuamini. Tulichemshiwa manyasi, dawa ya kuondoa chira, na boma zima tukanywa. Mama alikunywa pamoja nasi, na kesho yake akaendelea na vidonge vyako.

Mwezi uliopita alianguka sokoni. Nilimleta hospitali hapa Kisumu, wakakuta presha iko juu sana na moyo unarukaruka. Daktari mmoja kijana, Chege, alimwuliza anatumia dawa gani. Mama alimjibu kwa Kiswahili chake, "Mimi hapana kunywa dawa, daktari." Aliulizwa siku nyingine, na jibu likawa lilelile. Wala hakuwa anadanganya. Wewe mwenyewe ulimwandikia, na mimi ndiye niliyemsomea kwa sauti: hii si dawa, ni majani tu. Sasa mtu anayekula majani atasema anatumia dawa gani?

Beldina ndiye aliyeiona chupa alipokuwa akimkusanyia nguo za kufua, akampelekea daktari. Daktari alisoma maandishi yake akatikisa kichwa. Alisema ndani yake mna mmea wa Kichina wenye kitu kilekile kinachotiwa katika vidonge vya pumu, tena wameuchanganya na kitu cha jamii ya kahawa. Kimoja kinauchapa moyo mbio, kingine kinauongezea mbio. Kwa mwenye presha, alisema, huko ni kumtafutia kiharusi. Nilimwambia lakini ni majani. Akaniuliza, kwani bangi ni mawe?

Nakwambia ukweli, nilifurahi kujua kwamba si mimi ninayemuua. Niliona aibu kufurahi, lakini nilifurahi. Mama alipotoka hospitali nilimleta hapa kwangu nikidhani yamekwisha. Kumbe alikuwa na chupa nyingine kwenye mkoba. Juzi nilimkuta ameketi kitandani anameza, si kimoja kama ulivyoagiza, bali vingi kwa mkupuo. Nilimfokea, Mungu anisamehe. Nilimwuliza kama anataka kutufia.

Mama alilia, Zadock. Alisema kila chupa yako huja na barua, na pasipo chupa barua haiji. Uliandika kwamba vidonge vikiisha akujulishe, utume vingine. Ndiyo sababu huvimaliza haraka.

Nimejaribu kukumbuka barua moja uliyomwandikia bila kuweka chupa, nimtajie ili nimshinde kwa maneno. Nimekosa.

Vilivyobaki nimevitupa chooni. Kama vingine viko njiani navyo nitavitupa, lakini siwezi kumchunga kila saa. Mwandikie, hata nusu ukurasa. Mwambie unakula nini huko, nani anakunyoa nywele, unasali kanisa gani. Umwambie aviache, kisha usitie kitu kingine chochote kwenye bahasha. Nitamsomea mara nyingi kadiri atakavyo.

Baba mdogo Ogola anakusalimu, ingawa bado anashikilia kuwa ni chira. Jirani zetu wote hapa Kaloleni wanakusalimu pia. Mama amenikuta nikiandika. Hajauliza naandika nini. Ameniagiza tu nikupe salamu zake, na nisisahau kukujulisha kwamba vidonge vimekwisha.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,
Oketch