Diski Zimefungwa, Handibreki Hakuna

Jumamosi

Breki zenyewe zinashika, siwezi kukataa. Zamani tungesubiri kibali cha kuagiza vipuri nje. Leo fundi amepata diski za breki za mtumba kutoka Japani hapo hapo mtaani Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, na kufikia alasiri breki za zamani za nyuma za gari la Baba, zile za dramu, zilikuwa zimeshang'olewa na diski zimefungwa.

Kinachonikera ni waya wa handibreki. Ulikuwa umefungwa kwenye dramu; sasa umebaki unaning'inia, kwa sababu diski hizi hazina pa kuufunga.

"Handibreki ya nini, dada? Tia gia, weka jiwe!" fundi alisema nilipomwonyesha.

"Msikilize injinia wetu," Baba akamwambia fundi huku akininyooshea kidole, wakacheka wote wawili.

Sikucheka. Jumatatu Baba atapanga foleni kwenye mteremko wa kuingilia pantoni, kivukoni Magogoni, na mbele yake watasimama watu wa miguu, wengine na watoto mgongoni. Gari likianza kuteleza, atashuka saa ngapi kutafuta jiwe?

Nilimwambia Baba hivyo mara mbili, hakunisikiliza.

Sasa ufunguo wa gari uko chini ya mto wangu. Sijawahi kumpinga Baba hivi. Akiuulizia nitamwambia: Baba, Jumatatu panda pantoni kwa miguu.