Mjomba Alitukataza Kucheka

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umepoa, na yule bibi kizee unayemuuguza ameacha kukurushia vijiko. Sisi huku tu wazima. Nimeliandika neno hilo kisha nikakaa nikilitazama, maana si kweli tupu, lakini nimeliacha. Tunakula, tunapumua, na mdogo wangu Chiriku ameanza kulala bila kushtukashtuka. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia.

Najua mama mkubwa amekwisha kukuambia kwamba mjomba alivamiwa na wezi. Nitafika hapo. Nakuomba usome taratibu, usiruke.

Ulipotuacha kwa mjomba ukaenda kazini, mama, alitupokea vizuri, sitamnyima haki yake. Alitupa chumba chake, yeye akalala kwenye kochi miguu ikining'inia. Siku hizo Chiriku alikuwa akicheza ile gemu ya ngumi, ulimi nje, akibonyeza vitufe na kucheka hadi fundi cherehani wa chumba cha pili akawa anagonga ukuta na kuuliza kichekesho ni kipi, naye acheke. Jioni moja mjomba alisimama mlangoni na taulo begani akamwona akimwangusha, kwenye gemu, kijana mzima aliyejiita bingwa wa mtaa. Unajua nduguyo alivyotundika glovu za ndondi kabla hata ya kujulikana. Alisema mtoto huyu ana ngumi ambazo yeye alizililia maisha yake yote.

Basi gemu ikageuka ulingo. Alfajiri kuruka kamba, mchana gemu, jioni gemu. Mjomba alikuwa akisimama nyuma ya kiti akipiga kelele, "Mmalize! Mmalize!" Na akapiga marufuku kucheka. Alidai bondia anayecheka ni bondia aliyelewa makonde. Kofi la kwanza lilikuwa la kicheko. Baadaye ukaja waya wa chaja, halafu mkanda. Nilijifunza kusema kosa ni langu, kwamba mimi ndiye niliyemzubaisha, na mara nyingine ilisaidia. Sikio langu la kushoto sasa linasikia kama liko ndani ya maji. Ile picha tuliyokutumia, Chiriku akiwa na kombe na shavu limevimba, tukakuambia ni jino: halikuwa jino, mama.

Mwezi uliopita Chiriku alifika fainali ya mashindano ya gemu akashindwa. Aliyemshinda ni binti mmoja mchangamfu, kila akipigwa yeye anacheka, kila akipiga anacheka. Mwisho wakakumbatiana, na Chiriku naye akaangua kicheko mbele za watu, kicheko chake kile cha zamani. Mjomba alikiona. Tulipofika nyumbani aliushika mkono wa kulia wa Chiriku, akauingiza kwenye droo ya meza, akaisukuma droo kwa goti ifunge. Nilisikia vidole vikivunjika kama kuni kavu. Unajua mwanao alisema nini? Hakupiga hata yowe. Alisema, "Samahani mjomba, sitacheka tena."

Mama, hapakuwa na wezi. Ni mimi.

Nilichukua pasi iliyokuwa juu ya meza nikampiga nayo begani, kisha usoni. Ngumi hazisahauliki, alinirudia, akaning'oa jino na kunivunja ubavu, tukabiringishana juu ya vioo vya televisheni tuliyoiangusha, damu ikituchanganya hata sijui ya nani ni ipi. Halafu akaanguka chali, akainua kiganja. Alikuwa ameshindwa. Hapo mtu mwenye utu angeacha. Mimi sikuacha. Nilikuwa nasikia sauti ikipaa, "Mmalize! Mmalize!" nikadhani ni yeye bado anaamrisha. Ilikuwa inatoka kinywani mwangu. Na ilikuwa tamu, mama. Hilo ndilo siwezi kumwambia mtu mwingine. Chiriku alinivuta shati kwa mkono wake mzima, fundi cherehani akavunja mlango akaingia, ndipo nikaiachia pasi. Mjomba amepoteza jicho moja.

Hadithi ya wezi aliitunga mwenyewe akiwa kitandani hospitalini, kwa aibu ya kupigwa na mpwa. Akanitumia ujumbe kwamba nikinyamaza naye atanyamaza, ya nyumbani yaishe nyumbani. Nilishawishika, sikufichi. Lakini nilimtazama Chiriku akijaribu kufunga kifungo kwa mkono mmoja, nikaenda kituoni nikaeleza yote mawili, lake na langu. Kesi ziko mbili sasa. Mimi niko nje kwa dhamana ya fundi cherehani, na tumehamia kwake. Mama mkubwa atakuomba uniamuru nifute kauli yangu. Mimi ni mwanao na sijawahi kukukaidi. Katika hili, usiniamuru. Yeye ni nduguyo, mlilieni ninyi mnaompenda, na hata mimi nimemlilia. Ila asirudi alipo Chiriku. Na hakimu akiona nami nifungwe, nitafungwa.

Kuna jambo moja zuri. Mashine ya gemu nilikuwa nimeitia kwenye gunia niitupe jalalani. Jana mchana Chiriku alinizuia akasema, "Kaka, gemu haikunipiga. Ni mchezo tu. Nataka kucheza." Tukaiunganisha kwenye televisheni ya fundi, tukaweka gemu ya mpira wa miguu. Yeye alibonyeza vitufe kwa mkono wa kushoto na kidevu. Fundi, ambaye hajawahi kushika kifaa cha gemu maishani, alikishika juu chini, akajifunga bao mwenyewe, kisha akasimama na kupiga vigelegele akidhani ameshinda. Chiriku alicheka. Papo hapo akanyamaza na kugeuka kuutazama mlango. Akautazama kwa muda. Hakuja mtu. Ndipo akacheka tena, safari hii mpaka akateleza kutoka kwenye kiti, na mimi nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Basi mama, nisikuchoshe. Pokea salamu za fundi cherehani. Anasema gauni lako atakushonea ukija, vipimo atakisia. Chiriku naye anakuamkia. Ameniagiza nikuandikie kwamba ukipata likizo uje mcheze, na kwamba atakufunga mabao kumi bila kukuonea huruma, na ruhusa ya kucheka unayo.

Nakungoja, hata kama utakuja umekasirika.

Ni mimi, kifungua mimba wako.