Zizi la Nyuma

Jumapili, 4 Mei
Gari nimeosha, katoni mbili za maji zimo. Kesho nampeleka mgeni Jeddah kutoka hapa Riyadh. Mkulima wa Australia, sasa mbunge wa huko mashambani. Anakuja kuona kondoo walionunuliwa kwao wanavyotunzwa kwenye mazizi ya bosi huko. Bosi kaniita kando: "Yusuf, zizi la mbele tu. La nyuma mafi, hakuna. Umesikia?" Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, inaisha mwezi ujao. Asipoihuisha yeye, narudi nyumbani.
Nimesikia.
Nyuma ndiko waliko kondoo walioshindwa na joto.

Jumatatu, 5 Mei
Barabara haina mwisho. Mgeni alikataa ndege, akakataa na kiti cha nyuma. Mikono yake imekakamaa kama ya marehemu baba. Amenisimulia: ukame uliua nusu ya kondoo wake, majirani wakamsukuma agombee kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua za malalamiko. Hadi leo kuhutubia kunamtoa jasho. Nikamwambia ukame ulinimalizia mbuzi Baringo, kwetu Kenya, ndiyo maana naendesha gari la mtu. Akaniuliza walikuwa wangapi.
Nimempenda. Hilo linanitisha.

Jumanne, 6 Mei
Nimefunga na kuomba. Zizi la mbele: majani mapya, maji safi, msimamizi anamimina chai. Mgeni akakagua meno ya kondoo mmoja, akaomba tuzunguke kwa gari, sisi wawili tu.
Humo ndani akasema, "Rafiki, mnunuzi akija kwangu, wabovu nawaficha nyuma ya ghala. Nyinyi mnawaficha wapi?"
Niliwaza ikama. Niliwaza mbuzi wangu wa mwisho, ulimi nje.
Nikakata kona kuelekea zizi la nyuma.
Hakupiga picha kwanza. Aliomba ndoo. Tukapiga magoti mavumbini, yeye na suti yake, tukawanywesha kondoo hadi mikono ikaisha nguvu.

Alhamisi, 8 Mei
Riyadh. Msimamizi alishampigia bosi simu. Bosi hakupaza sauti. "Yusuf, halas. Basi." Ikama haihuishwi.
Nimemnung'unikia Mungu, kisha nimetubu. Mke wangu kwa simu: "Baba Chebet, njoo. Hata hao mbuzi tulianza na mmoja."

Jumamosi, 17 Mei
Begi limefungwa. Dereva mpya, Mkenya mwenzangu, katoka Jeddah jana. Anasema zizi la nyuma limeezekwa, na mapipa ya maji yapo.
Nimemkabidhi funguo, na ile ndoo niliyorudi nayo garini. Kondoo aliyekauka hunywa kidogo kidogo, nimemwambia. Usimharakishe.