Mahari ya Ukurasa Mmoja

Mpendwa Nyanya, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Marahaba jiitikie mwenyewe huko uliko, maana mimi nina haraka ya kukupa habari. Ziko mbili, moja ya aibu na moja ya furaha, na ya aibu nimekuficha tangu ungali hai. Leo nazitoa zote.

Hapa mtaani Mbotela, Nairobi, hatujambo. Mfereji wa plot yetu, huu ua wa vyumba vya kupanga, bado unatoa maji siku unazotaka wenyewe, na watoto bado wananiita "bwana ya Nyanya." Nilidhani ukishaondoka wataacha. Wapi!

Unakumbuka ile Januari ya kadibodi? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kibarua katika kiwanda cha sabuni, na nilikuwa nimechoka kuwa bingwa wa kuanza mambo. Basi nikaandika malengo yangu ya mwaka kwenye kadibodi, nikaitundika juu ya kitanda. Karate. Kichina. Kufuga kuku. Kukimbia kila asubuhi. Ufundi wa umeme. Kuacha soda. Na mengine. Ukavaa miwani, ukahesabu kwa kidole, kisha ukaangua kicheko hadi ukashika ukuta.

"Kumi na moja! Hii ni timu ya mpira? Kipa ni nani?"

Nilinuna, Nyanya, nakwambia kweli. Ukasema mshika mbili moja humponyoka, sembuse wewe bwana, nibakishe moja tu. Nikabakisha umeme, wala si kwa hekima yoyote. Kuku hawakuwa na pa kulala, na Kichina sikujua kinaanzia wapi.

Tangu nizaliwe uliniita mume wako, kama nyanya wote wa kwetu, na siku hiyo ukakumbuka kwamba sijakutolea mahari. "Haya," ukasema, "mahari yangu ni ukurasa mmoja wa kitabu cha umeme kila siku. Ukinisomea, unapata chai. Usiponisomea, mimi narudi kwetu Mombasa, utafute mke mwingine." Nikacheka. Lakini jioni yake nilipotoka kiwandani, vumbi hadi kwenye nyusi, nilikukuta umekaa mkekani na birika limefunikwa. Chai sikuipata mpaka nimesoma habari za fyuzi, mwanzo hadi mwisho.

Ukurasa mmoja si kitu, mtu yeyote anaweza. Hapo ndipo uliponishika. Siku niliyochoka kabisa nilijiambia ni ukurasa tu, na nikishafungua kitabu nasoma miwili. Nawe ukaanza kuujua umeme kunishinda. Ulimfokea Baba Musa wa mlango wa nne mbele ya wageni wake kwa kuchomeka pasi, redio na jiko kwenye soketi moja. "Unataka kutuchoma sote?" Mzee wa watu akachomoa vyote, hata redio.

Na mdomo wako, Nyanya! Kabla sijajua hata kushika testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ulikuwa umeshatangaza pale mferejini kwamba mumeo ni fundi. Watu wakaniletea pasi zao mbovu. Ningekataaje? Ilibidi nijifunze, la sivyo plot nzima ingevaa nguo zenye makunyanzi.

Sasa ile ya aibu. Siku ya mtihani wa ufundi uliniombea dua, ukanipulizia kichwani, plot ikanisindikiza kwa macho. Nikafika kwenye lango la chuo. Nikawaona wenzangu na mabegi yao ya vifaa, wanaongea kama watu waliozaliwa na koleo mkononi. Nikaogopa. Nikageuka, nikatembea hadi mtaa wa Donholm, nikakaa kwenye benchi nje ya duka mpaka saa tisa. Halafu nikarudi nikakwambia nimeanguka.

Sikuanguka. Sikuingia.

Hukuniuliza swali hata moja. Ulisema, "Kuanguka si kufa, njoo ule," ukanipakulia mbaazi na mahamri. Kesho yake birika lilikuwa limefunikwa vilevile: "Mahari yangu leo?" Kila ukurasa niliokusomea baada ya hapo ulinichoma, na sikuwa na ujasiri wa kusema. Ukaugua, ukatutoka, na uwongo wangu ukabaki kwangu. Vitabu nikavisukuma chini ya kitanda.

Siku ya arubaini yako, Mama Akinyi jirani yetu, yule muuza uji, akanivuta kando. "Woi, hivi vitabu unaficha za nini? Unafikiri huyu mama hakujua? Mimi siku hiyo niliuza uji kwa hiyo gate ya chuo. Nilikuona ukigeuka ukienda zako, nikamwambia siku hiyohiyo."

Wewe, uliyetangaza hata siku niliyoota jino, ulijua na hukumwambia mtu! Mama Akinyi anasema ulimshika mkono, ukamwambia, "Huyo ni mume wangu. Ataniambia mwenyewe siku akiwa tayari. Nawe funga mdomo."

Nililia kwa haya, kisha nikavitoa vitabu. Ukurasa mmoja kila siku, nikimsomea Mama Akinyi akichekecha unga. Si mwanafunzi kama wewe, yule. Husinzia tukifika kwenye nyaya.

Mwezi uliopita nikarudi kwenye lango lile. Hofu ikanirudia kama zamani, nisikudanganye tena. Nikasema bismillahi nikaingia hivyo hivyo, na hofu yangu. Tulipewa ubao, nyaya, na taa moja ya kuwashwa kwa swichi mbili. Skrubu ikaniponyoka mara tatu. Nikabonyeza swichi ya kwanza, ikawaka. Nikabonyeza ya pili, ikazima. Msimamizi akaandika kitu, akaenda kwa mwenzangu, mimi nimebaki nikiiwasha na kuizima kama mtoto.

Majibu yametoka jana. Nilikuwa na maneno mengi ya kukuandikia, mazuri zaidi ya haya, yote yamenitoroka. Nimepita, Nyanya. Safari hii niliingia, na nimepita, na ninakwambia mwenyewe.

Mungu akulaze pema.

Mume wako, mjukuu wako